SOMO LA ROBO HII: Mfuko Unaompa Mkulima Muda



Mwezi Julai mkulima wa Ikinga, wilayani Ileje, huwa na mahindi mengi na fedha kidogo. Ikifika Januari au Februari, mahindi yameisha na fedha bado ni kidogo. Wako wanaouza gunia wakati wa mavuno kwa bei ya chini, kisha wananunua unga kwa bei ya juu miezi sita baadaye. Ukiuliza sababu utatajiwa ada ya shule, deni la mbolea, na hofu kwamba mahindi yakikaa yataliwa na wadudu.

Ada na deni ni masomo ya siku nyingine. Leo tujifunze juu ya hiyo sababu ya tatu, kwa maana dawa yake imekwisha kupatikana, nayo ni chombo cha kuhifadhia: mfuko usiopitisha hewa, ambao wengi huuita mfuko wa kinga njaa.

1. Adui tunayepambana naye

Fukusi tumekuwa naye tangu zamani. Dumuzi mkubwa ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini alionekana kwanza mkoani Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimpa jina la Scania, kwa kufananisha nguvu zake na lori. Hutoboa punje, gunzi na hata mbao, na kuacha unga mtupu. Watafiti waliopima maghala ya wakulima miaka ile walikuta baadhi yao wamepoteza karibu theluthi ya uzito wa mahindi yao kwa miezi michache tu.

Kiroba cha kawaida hakimzuii. Kimefumwa, kina matundu, na hewa huingia na kutoka. Ndiyo maana tumezoea kuchanganya mahindi na dawa ya unga. Dawa hiyo inasaidia ikiwa ni halisi na ikitumiwa kwa kipimo. Tatizo ni pale inapokuwa imekwisha muda wake, au mtu anapokadiria kwa kiganja chakula ambacho watoto watakula.

2. Mfuko huu ulivyopatikana

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakiongozwa na Larry Murdock, walifanya kazi pamoja na watafiti wa Kameruni. Tatizo lao lilikuwa wadudu wa kunde. Walitafuta kitu ambacho mkulima mdogo angeweza kukinunua na kukitumia bila umeme wala dawa. Walijaribu mifuko ya plastiki iliyowekwa mmoja ndani ya mwingine na kufungwa sana, wakaona wadudu wanakufa. Kuanzia mwaka 2007, kwa ufadhili wa Mfuko wa Bill na Melinda Gates, teknolojia hiyo ilisambazwa katika nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kati. Baadaye ilijaribiwa kwa mahindi na mazao mengine, ikafika kwetu. Leo mifuko ya aina hii hutengenezwa hapa hapa Tanzania, katika viwanda vya Tanga na Arusha.

Wazo lenyewe wazee wetu walilijua. Mbegu ya kupanda iliwekwa katika kibuyu kikavu na mdomo ukazibwa. Kilichokosekana ni kibuyu cha kutosha kilo 100.

3. Unavyofanya kazi

Mfuko una tabaka tatu. Mbili za ndani ni plastiki nzito isiyopitisha hewa. La nje ni kiroba cha kawaida, kazi yake ni kubeba uzito. Ukishafungwa, wadudu waliomo huendelea kupumua mpaka wanapunguza sana hewa ya oksijeni. Wakikosa oksijeni huacha kula na kuzaana. Mdudu wa ghalani hanywi maji. Maji ya mwili wake huyapata kwa kuunguza chakula kwa oksijeni, hivyo hewa ikiisha hukauka na kufa kwa kiu.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini kufunga vizuri ni jambo kubwa kuliko mfuko wenyewe. Tundu dogo kama la msumari linarudisha hewa, na wadudu wanarudi kazini.

4. Utaratibu wa kufuata

(a) Kausha. Anika mahindi juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kwetu milimani, asubuhi zenye ukungu hufanya hatua hii kuwa ngumu kuliko zote.

(b) Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, ongeza mahindi hadi kama robo ya chupa. Tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi ni mabichi bado. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Endelea kuanika siku moja au mbili zaidi, kwa maana kiwango kinachotakiwa ni asilimia 13 au pungufu. Mwenye kifaa cha kupimia, hasa afisa ugani, aombwe kuthibitisha.

(c) Peta na chagua. Toa pumba, vipande vya magunzi na punje zilizooza.

(d) Kagua mfuko. Jaza hewa mfuko wa ndani, kamata mdomo, ubonyeze usikilize kama unavuja.

(e) Jaza kidogo kidogo ukishindilia ili hewa itoke. Bakiza nafasi juu. Sokota mdomo wa plastiki ya kwanza, ukunje, ufunge kwa kamba. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha kiroba.

(f) Weka juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta na panya. Usifungue kila siku kuchota. Mahindi ya kula yatengewe mfuko wake.

5. Mambo ambayo mfuko hauwezi

Hauwezi kukausha mahindi mabichi. Ukifungia unyevu ndani, umefungia ukungu. Wala hauwezi kuondoa sumukuvu ambayo imekwisha kuingia shambani au wakati wa kuanika. Tusilichukulie jambo hili kwa wepesi: mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara.

Tena mfuko hulinda mahindi, haulindi bei. Mwaka 2017 serikali ilipozuia kuuza mahindi nje ya nchi, bei ilianguka katika mikoa yetu ya kusini, na waliokuwa wamehifadhi wakingoja bei walikwama.

6. Hesabu kwa mfano

Tuseme familia ina magunia manne ya ziada. Bei ya Julai ni shilingi 50,000 kwa gunia, na mfuko mmoja ni shilingi 5,000. Wakiuza Julai watapata 200,000. Wakihifadhi, na bei ya Januari ikawa 80,000, watapata 320,000. Ukitoa 20,000 za mifuko, inabaki 300,000. Lakini bei ikifika 52,000 tu, watabaki na 188,000, yaani wamepoteza 12,000. Mifuko isiyotoboka hutumika tena misimu inayofuata, hivyo gharama hiyo si ya mwaka mmoja. Weka bei halisi za kwenu badala ya hizi ndipo uamue. Kwa mahindi ya kula nyumbani hesabu ni nyepesi zaidi: kila debe lisiloliwa na dumuzi ni debe ambalo hutalinunua Februari.

Kuna faida nyingine ndogo. Mfuko huu haufungiki bila kubakiza nafasi juu, kwa hiyo haukubali lumbesa. Anayeuza katika mfuko huu huuza kilo anazozijua.

7. Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Baadhi yenu mmeuliza kama mifuko hii imekatazwa na katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019. Haikukatazwa. Katazo lile lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya kilimo viliachwa.

Wafadhili wamependekeza tugawe mifuko bure. Tunawashukuru kwa moyo huo, ila tunaomba wafikiri pamoja nasi. Mfuko wa bure ukitolewa mwaka huu, mwenye duka hataagiza wa kuuza mwaka ujao, na mfadhili akiondoka mfuko nao umeondoka. Katika nchi nyingi kilichofanikiwa ni maonyesho: mahindi ya mkulima mmoja hufungwa mbele ya kijiji, nusu katika mfuko huu na nusu katika kiroba. Baada ya miezi minne hadi sita vyote viwili hufunguliwa hadharani, na kila mtu anajionea.

Kwa hiyo tunashauri fedha za msaada ziende kwenye maonyesho hayo, turubai za kuanikia na kipimo cha unyevu cha kutumiwa na wote. Mifuko wanunue wakulima wenyewe, kwa mkopo wa kikundi pale inapobidi. Wajane na wazee wasio na nguvu kamati iwafikirie kwa namna ya pekee.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika kitongoji chenu, ni familia ngapi hununua unga kabla ya mavuno mapya? Kati ya hizo, ni ngapi ziliuza mahindi Julai?

2. Ni wapi karibu nanyi mifuko hii inauzwa? Kama hakuna, nani anaweza kuileta?

3. Nani atajitolea mahindi yake kwa maonyesho, na mfuko utafunguliwa siku gani ambayo watu wengi watakuwepo?

4. Ada ya shule na deni la mbolea vikidai fedha mwezi Julai, kikundi kifanye nini ili mwenye mahindi asilazimike kuuza yote?

Majibu yenu ya swali la nne tunayahitaji hasa. Mfuko unampa mkulima muda wa kungoja, lakini mwenye deni hana ruhusa ya kungoja.