Mfugaji wa Samaki, Hesabu Vifo Mapema

Mfugaji akiokota samaki mmoja aliyekufa leo na watatu kesho, mara nyingi husema ni baridi tu. Huenda ni kweli. Huenda pia ni ugonjwa wa bakteria unaoanza, na wiki ikiisha jasho la miezi mingi limepotea.

Vidimbwi vingi vya tilapia nchini vilichimbwa kuanzia mwaka 2009 chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi. Kidimbwi kimoja kilikuwa cha mita 300 za mraba na kuwekwa vifaranga 1,000. Tutumie kidimbwi kama hicho katika mfano wetu.

Kidimbwi cha kwanza kina samaki 1,000. Kwa mwezi wamekufa 30. Cha pili kina samaki 300; wamekufa 18. Nani ana shida zaidi? Gawanya waliokufa kwa waliokuwapo mwanzoni, kisha zidisha kwa 100. Cha kwanza ni asilimia 3, cha pili asilimia 6. Waliokufa ni wachache, lakini hatari ni maradufu.

Pili, angalia siku. Wengi wakifa alfajiri moja, huku wengine wakihema juu ya maji, shuku upungufu wa oksijeni. Vifo vikiongezeka siku baada ya siku, na samaki wana vidonda, madoa mekundu, matumbo yaliyovimba au macho yaliyotokeza, shuku bakteria kama Aeromonas. Maabara ndiyo huthibitisha.

Wataalamu wa takwimu hufanya vivyo hivyo kwa mabwawa mengi. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walitambua kuwa bakteria aina ya Vibrio parahaemolyticus ndiyo iliyokuwa ikiua kamba wa kufugwa barani Asia. Kwa magonjwa ya aina hiyo, hesabu hujumuisha joto la maji, msongamano na umri wa kamba, kisha hupima kila jambo linaongeza hatari kwa kiasi gani. Bila rekodi za wafugaji, hesabu hiyo haina pa kuanzia.

Kwa hivyo, kila siku andika daftarini tarehe, idadi ya waliokufa, chakula ulichotoa, hali ya maji na mvua. Zika waliokufa mbali na maji, usiwatupe mtoni. Usitumie dawa kwa kubahatisha. Mwone afisa wa uvuvi aliye karibu nawe, na uende na daftari lako.