SOMO LA WAFANYAKAZI: JINA LA OILI LIANDIKWE



Hapa Carama tuliwahi kumtetea fundi mmoja wa mashine ya kusaga. Patroni alimletea bidoni ya oili isiyo na maandishi, akamwamuru aitie. Baada ya siku chache injini ikakwama. Fundi akaambiwa hajui kazi, na gharama ikakatwa katika mshahara wake. Tulipokwenda kumsemea tuliulizwa swali moja tu: "Ilikuwa oili gani?" Hatukuwa na jibu. Tukashindwa. Kwa sababu hiyo tunaleta somo hili.

1. Aina tatu za oili

Kuna oili mpya, iliyotengenezwa kutokana na mafuta ghafi. Kuna oili iliyosafishwa upya kiwandani. Na kuna oili chafu, iliyokwisha kutumika, ambayo wengine huichuja kwa kitambaa na kuiuza tena.

Tusizichanganye hizi mbili za mwisho. Oili ikitumika huchafuka, na dawa zilizotiwa ndani yake huisha. Kiwandani huondolewa maji na mazutu, hugeuzwa mvuke na kupozwa, husafishwa, kisha hutiwa dawa mpya. Ikifanyiwa hivyo na kupimwa, yaweza kufanya kazi sawa na mpya. Lakini kitambaa huzuia takataka kubwa tu. Maji, asidi na chembe ndogo za chuma hupita. Hizo ndizo zinazoua injini.

2. Wengine walifanyaje?

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, katika miaka ya 1960, kanuni ililazimisha oili iliyosafishwa upya iandikwe kwamba imetokana na oili iliyotumika. Wanunuzi wakaikimbia hata ile nzuri. Sheria ya mwaka 1975 ikataka oili ihukumiwe kwa ubora wake, si kwa asili yake. Kanuni ya kuitekeleza ilitoka mwaka 1995: mtengenezaji anaruhusiwa kuandika kwamba oili yake iliyosafishwa ni sawa na mpya kwa kazi ya injini, ila sharti kwanza aipime na kuthibitisha. Basi anayeandika ndiye atakayeulizwa.

Kwa upande wa wafanyakazi, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 170 mwaka 1990, kuhusu kemikali kazini. Unasema kila kemikali iwe na alama ya kuitambulisha. Na ikimiminwa katika chombo kingine, mwajiri ahakikishe kuwa wafanyakazi wanajua kilichomo na hatari yake. Hata pale ambapo serikali haijauridhia, chama chaweza kuuweka mezani katika mazungumzo na mwajiri.

3. Kusoma maandishi ya debe

SAE 40 au 15W-40 huonyesha uzito wa oili. Baada ya neno API, herufi zinazoanza na S ni za injini za esansi. Zinazoanza na C ni za mazutu. Jihadhari na API SA: haifai kwa injini nyingi za esansi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930!

4. Ngozi yetu

Wasokota pamba wa Lancashire, Uingereza, walipata kansa ya ngozi ya korodani kwa sababu oili ya mashine ililowesha nguo zao mwaka hata mwaka. Mwaka 1953 kanuni ikalazimisha mashine zao zitiwe oili iliyosafishwa vizuri zaidi. Leo wataalamu wa dunia wamekwisha kuthibitisha kwamba oili za madini zisizosafishwa vya kutosha huleta kansa. Oili chafu ya injini nayo hukusanya sumu za namna hiyo, kadiri inavyotumika.

5. Tufanye nini?

(a) Oili ikiletwa bila maandishi, tumwombe patroni ataje aina yake mbele ya shahidi. Tuandike katika daftari tarehe, aina na aliyeileta.
(b) Tukimimina oili katika bidoni nyingine, tuandike jina lake papo hapo.
(c) Oili chafu iwe na pipa lake, lenye kifuniko na maneno OILI CHAFU. Isimwagwe mferejini: maji ya mvua huishia Ziwa Tanganyika, nasi wa Bujumbura twanywa maji ya ziwa hilo.
(d) Tunawe kwa sabuni, si kwa esansi. Kitambaa cha oili kisikae mfukoni, na nguo iliyolowa ibadilishwe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Je, kazini kwetu ni vyombo vingapi visivyo na maandishi? Nani huleta oili, na nani hulaumiwa mashine ikiharibika? Daftari litunzwe na nani?

Yule fundi alikosa mstari mmoja tu wa maandishi. Tusimwache mwingine aukose.