Alfajiri ya Pili: Chombo Kilichoikosa Zuhura na Petro Aliyemkana Bwana



Kijana mwenzangu, somo letu la wiki hii ni Yohane 21:1-19. Fungua Biblia yako ulisome lote, taratibu, kisha urudi hapa. Tutapitia kwanza Japani, halafu kwenye sayari ya Zuhura, ile nyota kali unayoiona mashariki kabla ya jua kuchomoza au magharibi likishazama.

Swali la leo ni moja: nafasi ikishanipita, ndiyo basi?

1. Safari iliyoanza vizuri

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 2010, shirika la anga za juu la Japani, JAXA, lilirusha chombo kutoka kisiwa cha Tanegashima. Jina lake Akatsuki, yaani alfajiri. Kazi yake ilikuwa kuizunguka Zuhura na kuchunguza hewa yake. Sayari hiyo inalingana karibu na Dunia kwa ukubwa, lakini juu ya ardhi yake joto ni kama nyuzi 460 na mawingu yake ni ya asidi. Na kuna fumbo: Zuhura yenyewe hujizungusha mara moja kwa siku 243, lakini mawingu yake huizunguka sayari nzima kwa takribani siku nne. Nini kinayasukuma hivyo? Wajapani walitaka kujua.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Roketi ilifanya kazi yake, chombo kikafungua mabawa yake ya umeme wa jua, kikajaribu kamera zake kwa kuipiga picha Dunia kikiwa kinaiacha nyuma. Kikasafiri zaidi ya miezi sita bila matata makubwa.

Ikafika tarehe 7 Desemba 2010. Chombo kinachofika kwenye sayari hakina breki za kukanyaga. Lazima kiwashe injini kuelekea mbele ili kipunguze mwendo, sayari ikinase kwa mvutano wake. Kisipopunguza vya kutosha, kinapita tu. Injini kuu ya Akatsuki ilitakiwa kuwaka dakika 12. Iliwaka chini ya dakika tatu, ikazimika. Akatsuki ikapita. Watu waliofanya kazi miaka mingi wakabaki wanaitazama Zuhura ikiachwa nyuma.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Chombo chao cha kwenda Mars, Nozomi, kilichorushwa mwaka 1998, kilishindwa kuingia kwenye mzunguko wa sayari hiyo, na Desemba 2003 wakakiacha kabisa. Nozomi maana yake ni tumaini. Hebu fikiria uchungu wake.

2. Walifanya nini baada ya hapo?

Kwanza, walitafuta ukweli. Uchunguzi ulionyesha kwamba mvuke wa mafuta na mvuke wa kemikali ya kuyaunguza ulikutana ndani ya vali, ukatengeneza fuwele za chumvi, vali ikaziba. Mafuta yakapungua, joto likazidi kipimo, mdomo wa injini ukavunjika. Yaani chumvi kidogo tu! Mwaka 2011 wakaijaribu tena injini hiyo, wakaona wazi kwamba haifai.

Pili, walitupa mzigo. Kemikali ile iliyobaki ilikuwa ya injini kuu peke yake. Kwa kuwa injini imekufa, kuibeba ni kujichosha. Oktoba 2011 wakaimwaga angani, chombo kikawa chepesi.

Tatu, walitumia kidogo kilichobaki. Kulikuwa na injini ndogo za kugeuzia chombo. Nguvu ya kila moja ni kama ya kuinua mfuko wa sukari wa kilo mbili hivi. Hakuna aliyezitengeneza ili zisimamishe safari ya Zuhura, lakini ndizo zilizokuwepo. Kwa hizo wakarekebisha njia ili Akatsuki na Zuhura zikutane tena mwaka 2015.

Nne, walingoja. Miaka mitano chombo kililizunguka Jua, kila mara kikilikaribia kuliko kilivyokusudiwa, kikivumilia joto lisilo la kipimo chake. Muda wake wa kazi uliopangwa, miaka minne na nusu, ukaisha kabla hata hakijaanza kazi.

Tarehe 7 Desemba 2015, miaka mitano kamili, injini nne ndogo ziliwaka kwa dakika 20 na sekunde 28. Tarehe 9 JAXA ikatangaza kwamba Akatsuki inaizunguka Zuhura.

Katikati ya tarehe hizo ipo tarehe 8 Desemba, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Siku hiyo ya mwaka huo Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro kuanza Mwaka wa Huruma. Ni sadfa tu, tusiifanye muujiza. Lakini kijana anayesali anaweza kutabasamu.

3. Sasa turudi ziwani

Petro naye alianza kwa kishindo. Aliacha nyavu, akatembea juu ya maji, akaapa kwamba hata wengine wakimwacha Bwana yeye hatamwacha. Usiku mmoja, pembeni ya moto wa makaa (Yn 18:18), maswali ya watu wachache yakamwangusha mara tatu. Jogoo akawika.

Katika somo letu amerudi kuvua samaki. Usiku kucha hajapata kitu. Halafu, kunapambazuka, Yesu amesimama ufukweni. Na angalia alichowasha: moto wa makaa (Yn 21:9). Bwana anamrudisha Petro palepale pa kidonda, bila kumtukana. Mara tatu anamwuliza kama anampenda. Mara tatu anamkabidhi kondoo.

Hapa mfano wa chombo una mpaka wake. Akatsuki haikutenda dhambi. Injini iliharibika tu. Kwa hiyo jifunze kutofautisha. Ukifeli kidato cha nne, ukikosa chuo, ukiachwa na mchumba, hayo ni maumivu, si lazima yawe dhambi; usijibebeshe hatia isiyo yako. Lakini kama umemkana Bwana kweli, kwa uongo, kwa uzinzi, kwa kuacha Misa miezi na miezi, hiyo iite dhambi, uipeleke kwenye Kitubio. Huko ndiko tunakomwaga mzigo tuliouzoea.

Pia tusidanganyane. Nozomi haikufanikiwa, na mipango mingine ya maisha haitarudi. Tumaini la Mkristo halitegemei ratiba za sayari. Yesu ndiye aliyekwenda ziwani kumtafuta Petro, na ndiye anayekuja kwetu.

4. Mzunguko si ule wa kwanza

Mpango wa awali ulikuwa Akatsuki iizunguke Zuhura kila baada ya saa 30. Kwa injini ndogo haikuwezekana. Mzunguko mmoja ukachukua takribani siku kumi. Je, kazi ilifanyika? Ilifanyika. Mara tu ilipofika, ilipiga picha ya wimbi kubwa la hewa lenye umbo la upinde, urefu wa kilomita 10,000, limesimama tuli juu ya milima wakati mawingu yanalipita kwa kasi. Ikaendelea kufanya kazi hadi mawasiliano yalipokatika mwaka 2024.

Petro wa baada ya Pasaka naye hajisifu tena kuwapita wenzake. Anasema tu kwamba Bwana anajua yote. Huo unyenyekevu ndiyo injini ndogo, na kwa huo alifika hadi kifo dini Roma.

Tujiulize

1. Ni nafasi gani iliyonipita ambayo bado naitazama kwa uchungu?
2. Je, ni jeraha au ni dhambi? Nimeshamwambia nani?
3. Mzigo gani wa mpango wa zamani bado naubeba?
4. Ni "injini ndogo" gani ninazo leo: rozari, rafiki mwema, jumuiya, Misa ya asubuhi?

Tendo la wiki: amka siku moja kabla ya jua, tazama nje, sali Litania ya Bikira Maria. Ukifika pale anapoitwa Nyota ya Asubuhi, mtaje mtu mmoja aliyekata tamaa. Kisha mpigie simu.

Sala: Bwana Yesu, uliyemngoja Petro ufukweni, utungoje na sisi. Tupe ukweli wa kuona kilichovunjika, moyo wa kutupa kisichofaa, na subira ya kukufuata kwa njia tusiyoipanga. Amina.