Nani amelipa? Lugha ya mshahara wa mwalimu katika zama za simu

Mazungumzo ya kazi yana pande tatu: mfanyakazi, mwajiri na serikali. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inaonyesha uzito wake: ugomvi wa kazi haupokelewi mahakamani kabla ya kupita kwa mkaguzi wa kazi, anayejaribu kupatanisha. Kupatanisha ni kuongea. Kwa mwalimu wa shule ya serikali, kanuni ni nyingine, na pande mbili zimekuwa moja: mwajiri ndiye serikali. Basi serikali inapoanza kuongea kwa mashine, mwalimu anaongea na nani?

Tuchukue mfano wa mshahara. Kabla ya 2011, pesa zilifika mkononi. Mlipaji aliita jina, mwalimu akatia sahihi, na kama kiasi kilipungua aliuliza palepale, mbele ya direkta na wenzake, kwa Kiswahili au Kilingala. Pesa zilipitia mikono mingi, na mkono mwingine ulibakiza kitu. Mwaka 2011 serikali ilianza kulipa watumishi wake kupitia banki. Katika vijiji visivyo na banki, Caritas ilipewa sehemu ya kazi hiyo. Leo walimu wengi wanapata habari ya mshahara kwa ujumbe wa simu, kwa kawaida katika Kifaransa.

Tutazame sarufi yake. Ujumbe wa banki hutumia kauli ya kutendwa: akaunti imeingiziwa kiasi fulani. Mtendaji hatajwi. Kiswahili nacho kinaweza kusema «mshahara umelipwa» bila kumtaja aliyelipa. Lakini sikiliza mwalimu wa Lubumbashi katika mkutano wa sendika: «Banilipa nusu.» Kiambishi *ba-* hakitoi jina, lakini kinataja watu. Kwa msemaji huyu, nusu ya mshahara haikupotea yenyewe. Kuna watu waliofanya hivyo, na watu wanaweza kuulizwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ujumbe wa simu umempa mwalimu kitu ambacho hakuwa nacho: tarehe na kiasi kilichoandikwa. Sendika inaweza kukusanya jumbe hizo na kwenda nazo ofisini, na neno tupu linakuwa ushahidi. Lakini ujumbe hauna sikio. Aliyezoea kumwuliza mlipaji sasa anamwuliza mfanyakazi wa banki, ambaye anajibu kwamba yeye analipa tu orodha aliyoletewa. Swali linazunguka bila kufika.

Kwa hiyo chombo cha dijitali hakiui mazungumzo, kinayahamisha. Kinaimarisha upande wa ushahidi na kudhoofisha upande wa jibu. Dawa moja ni ya lugha: ujumbe umtaje aliyelipa, ueleze sababu ya kilichokatwa, na uonyeshe pa kuuliza. Ibara ya 1 ya Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kutafsiri jumbe hizo vizuri ni kazi inayoihusu fakulti kama yetu.

Zoezi: Andika ujumbe wa mshahara uliokatwa, usiozidi maneno ishirini, kwa kauli ya kutenda. Kisha msomee mwalimu mmoja wa mtaa wako. Akiuliza «ni nani?», anza upya.