Somo la Vikundi: Kutazama Kabla ya Kuandika



Kila kikundi kina daftari la majina. Mahindi ya msaada yakifika, au mradi wa mbuzi ukija, kamati huketi na kuulizwa, "Ni nani hasa hana kitu?" Hapo wote tunaanza kuangalia watu: nguo, viatu, nyumba, mifugo iliyo nje. Kwa dakika chache tumeshaamua. Na jina likiachwa nje ya daftari, kuna nyumba ambayo watoto watalala bila chakula.

Kwa hiyo leo tunajifunza kazi ambayo kila mmoja anadhani anaijua: kumtazama mtu wa kawaida, nguo zake na mahali anapoishi, kisha kueleza tulichoona. Mifano tunaitoa Bute na vijiji vya jirani, huko Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia. Lakini vikundi vya Garissa, Tana River au popote pengine vinaweza kutumia somo hili kwa mambo ya kwao.

1. TULICHOONA NA TULICHODHANI

Tuseme mwanakamati ametembelea nyumba na kuandika hivi: "Mama ni maskini sana na hajitunzi."

Mwingine ametembelea nyumba hiyo hiyo akaandika: "Mama wa miaka kama thelathini na mitano. Dera lake limepauka mabegani, pindo limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Ndara ni za plastiki, moja imefungwa kwa kamba. Vidole vina majivu. Kando ya mlango kuna mitungi mitano ya lita ishirini, mmoja tu una maji."

Maandishi ya kwanza yanatueleza mawazo ya mwandishi. Ya pili yanatueleza mama. Mtu yeyote akienda pale kesho ataona mambo yale yale, na kama si kweli, atasema si kweli. Halafu angalieni lile pindo lililoshonwa. Mtu anayeshona nguo yake iliyochanika anajitunza sana. Yule wa kwanza hakuliona.

Basi tunashauri daftari lenu ligawanywe mara tatu: TUMEONA, TUNADHANI, TUULIZE. Mfano: Tumeona mitungi minne mitupu. Tunadhani hakuna mtu wa kuchota maji, au punda amekufa. Tuulize: "Mama, maji mnachota wapi siku hizi, na nani anakwenda?" Jina lisiingie wala kutoka kwenye orodha kwa sababu ya yale yaliyo katika sehemu ya pili peke yake.

2. NGUO ZINASEMA NINI

Nguo zinasema kitu, hatukatai. Lakini ni lazima tujue lugha yake mahali hapo na wakati huo.

Zamani katika mila ya Kisomali, kitambaa cha kichwa kilikuwa alama ya mwanamke aliyeolewa, na msichana aliacha nywele zake zilizosukwa zionekane. Leo hata mtoto wa shule ya chekechea anavaa hijabu. Alama ile ya zamani haitusaidii tena kujua nani ana mume.

Mzee mwenye ndevu za hina, kikoi na fimbo anaweza kuwa na sauti kubwa barazani. Anaweza pia kuwa mzee ambaye hakuna anayemsikiliza. Ndevu zinatuambia umri tu.

Mwanaume mwenye shuka iliyochakaa na akala miguuni huenda ana ngamia wengi walio fora, yaani kundi linalolishwa mbali na nyumbani. Na kijana mwenye kanzu safi iliyopigwa pasi huenda hana hata mbuzi mmoja. Kanzu ni ile moja ya Ijumaa. Wahenga walisema ukimwona simba amenyeshewa usidhani ni paka. Kinyume chake pia ni kweli.

Sasa tuangalie rangi. Kwa Wakenya wengi wa mikoa mingine, nyeusi ndiyo rangi ya msiba. Kwa Wasomali, mjane huvaa nguo nyeupe. Mgeni akipita akaona mwanamke mwenye nguo nyeupe safi, atafikiri huyu hana shida. Kumbe ndiye aliyefiwa na mume juzi.

3. MAZINGIRA YANASEMA NINI

Nyumba ya kuhamahama, herio, hujengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na mikeka ya kusuka. Familia ikihama, vyote hupakiwa juu ya ngamia. Mkifika penye herio, tazameni mikeka. Kama imebadilishwa kwa magunia na karatasi za plastiki, huenda familia haina tena ngamia wa kubeba mizigo. Huenda pia imeamua kukaa karibu na shule. Hilo ni la kuuliza.

Nyumba ya mabati nayo si ushahidi wa utajiri. Inaweza kuwa imejengwa na mtoto aliye kazini Nairobi, au ni ya kupanga, au ilijengwa kabla ya ukame. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mabati yalibaki juu ya paa wakati ng'ombe na mbuzi walikuwa wamekwisha kufa.

Vyombo vya maziwa vinasema zaidi ya paa. Akina mama hufukiza vyombo hivyo kwa moshi wa kuni maalum ili maziwa yasiharibike na yawe na harufu nzuri. Chombo kilichofukizwa karibuni kinanukia. Chombo kilichokauka, kimetundikwa na kina vumbi, kinatuambia nyumba hiyo haijapata maziwa kwa siku nyingi.

Mafiga pia. Majivu baridi saa sita mchana yanaweza kumaanisha kwamba watu wanakula mara moja kwa siku. Lakini kama ni mwezi wa Ramadhani, mafiga ya kila nyumba ni baridi saa sita! Ndiyo maana tunasema andikeni siku na saa mliyotembelea.

4. YALE AMBAYO MACHO PEKE YAKE HAYAONI

Mwaka 1983 mtaalamu mmoja Mwingereza, Robert Chambers, ambaye aliwahi kufanya kazi hapa Kenya, alitoa kitabu kuhusu makosa ya wageni wanaotembelea vijiji. Alisema wanaona walio karibu na barabara, wanaongea na wanaume kuliko wanawake, wanafika wakati barabara ni nzuri, na wanapelekwa palipo na mradi tayari. Maskini wa mwisho hawaonekani. Sisi wa vikundi vya kijijini tunaweza kucheka wageni hao, lakini kamati zetu nyingi hukutana wapi? Chini ya mti karibu na ofisi ya chifu, na tunaandika waliofika.

Turudi kwa yule mjane. Kwa sheria ya Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hatoki nyumbani ila kwa haja ya lazima. Maana yake hatafika barazani. Familia imepoteza mtu wake wa kutafuta riziki, na kwa sababu hiyo hiyo jina lake halisomwi. Hakuna jicho kali litakalomwona barazani. Lazima wanawake wawili wa kikundi wamfuate nyumbani.

Wa pili ni mtoto mdogo. Nguo pana inaficha mkono mwembamba. Kwa hiyo tumieni ule utepe wa kupima mkono wanaotumia wahudumu wa afya. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kipimo chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu: apelekwe zahanati mara moja. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano: naye yumo hatarini na apelekwe aandikishwe.

Yuko pia mtoto tunayemwita mnono, kumbe amevimba. Bonyezeni kwa kidole gumba juu ya miguu yake yote miwili, mhesabu sekunde tatu, kisha mwachie. Kama shimo linabaki kwenye miguu yote miwili, huo si unono. Ni utapiamlo mkali, hata kama utepe unaonyesha kijani, hata kama mtoto amevaa nguo mpya ya Idi. Msingoje mkutano wa kikundi.

5. NGUO IKIGEUZWA KUWA HUKUMU

Sisi wa Kaskazini Mashariki tunajua uchungu wa kuhukumiwa kwa sura na mavazi. Novemba 1989 serikali ilitangaza ukaguzi wa Wakenya wenye asili ya Kisomali peke yao. Waliokubaliwa walipewa kadi ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho kile ambacho kila Mkenya anacho. Mtu alitakiwa kuthibitisha uraia kwa sababu ya kabila lake.

Uchungu huo umepita pande zote. Novemba 2014, karibu na mji wa Mandera, Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga waliodhani si Waislamu na kuwaua watu 28. Tarehe 21 Desemba 2015 walijaribu tena, kwa basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, wasijulikane. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa mmoja wa waliokataa; alipigwa risasi akafa hospitalini Januari 2016. Kisa chao kilitengenezewa filamu ya Watu Wote mwaka 2017.

Kitambaa kile kile ambacho muuaji alitaka kukitumia kama alama ya kuchagua wa kufa, akina mama wale walikitumia kuokoa. Kamati inayochagua wa kupata unga haina bunduki, lakini nayo ina nguvu juu ya jirani. Tuitumie kwa uangalifu.

6. ADABU YA KUTAZAMA

Hakuna mtu anayependa kuchunguzwa kama mbuzi wa mnada. Kwa hiyo:

– Pigeni salamu, mngojee mkaribishwe. Msichungulie ndani ya herio.
– Kwa nyumba ya mwanamke asiye na mume nyumbani, waende wanawake.
– Elezeni mmekuja kwa nini, na msiahidi kitu ambacho hamna.
– Msiandike mbele ya mtu bila kumwomba. Mkimaliza msomeeni mlichoandika: "Mama, tumeandika hivi, ni sawa?" Akisema si sawa, rekebisheni hapo hapo.
– Msipige picha ya mtoto mgonjwa au mtu aliyevaa matambara ili kuonyesha wafadhili. Umaskini wake si mali ya kikundi.
– Daftari likae kwa katibu. Habari za nyumba ya mtu zisifike sokoni.

ZOEZI LA KIKUNDI (saa mbili)

Gawanyikeni wawili wawili. Kila wawili watembelee nyumba tatu: moja karibu na barabara, moja mwisho wa kijiji, na moja ya mtu ambaye hakuja mkutano wa mwisho. Andikeni mambo matano mliyoona katika kila nyumba, bila kutumia maneno maskini, tajiri, mchafu, mvivu wala mzuri. Rudini msomeane bila kutaja majina. Wengine wakisema "tunadhani", waulizwe: "Umeona nini kikakufanya udhani hivyo?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni alama gani za nguo au nyumba zilikuwa kweli zamani, lakini leo zinatudanganya?
2. Ni nani hawafiki kwenye mikutano yetu, na kwa nini? Taja aina ya watu, si majina.
3. Mara ya mwisho tulipoandika orodha ya msaada, tuliuliza nani, na tuliangalia tu nani?
4. Ni nani katika kikundi atawatembelea wajane walio eda na watoto wadogo kabla orodha haijapelekwa kwa chifu?

Jibu la swali la nne lisiachwe hewani. Katibu aandike majina mawili na tarehe ya kwenda, kisha mkutano ufungwe.