Nairobi hadi New York: mbona kurudi ni haraka?

SWALI: Binti yangu anasafiri moja kwa moja kwenda New York. Mbona kwenda ni kama saa 15, kurudi 14?

JIBU: Umbali ni ule ule, mama, takriban kilomita 11,800. Tofauti ni upepo. Huko juu, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, kuna mkondo mkali unaovuma kuelekea mashariki. Ndege ikienda Marekani hupambana nao, ikirudi husukumwa. Saa za kwenye tiketi nazo zisikuchanganye: New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi, 7 wakati wa kiangazi. Akiondoka Januari saa tano usiku, atatua saa kumi na mbili asubuhi ya kwao, nawe huku ni saa nane mchana. Basi usianze kumpigia simu alfajiri.