Kipara cha Kuzaliwa Nacho Si Mapunye

Mtoto huzaliwa na nywele kichwa kizima isipokuwa sehemu moja, pengine ndogo kama kidole gumba, ambapo ngozi ni laini, inang'aa kidogo na ina rangi ya manjano au hudhurungi. Majirani husema ni mapunye. Basi mafuta ya fangasi hupakwa, wembe hupitishwa, na wengine husugua kitunguu saumu hadi ngozi ichubuke. Doa halitoki.

Halitoki kwa sababu si ugonjwa. Ni sehemu ya ngozi ambayo tezi zake za mafuta zimekua kupita kiasi, na madaktari huiita nevasi sebasia. Hupatikana kwa takriban watoto 3 katika kila 1,000 wanaozaliwa. Chanzo chake ni badiliko dogo katika chembe hai za mimba changa. Kwa kawaida hairithiwi, na hakuna alichokula mama wala alichokitazama kilichoileta.

Mapunye hayazaliwi na mtoto. Huja baadaye, huwasha, hutoa magamba, hukata nywele na huambukiza ndugu wanaotumia kitana kimoja. Doa hili lipo tangu siku ya kwanza, haliwashi wala haliambukizi. Picha ya mtoto mchanga iliyo kwenye simu ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Tofauti hii ina uzito, kwani vidonge vya mapunye hunywewa kwa wiki kadhaa, na mtoto asiyeugua hutwishwa dawa bure.

Akibalehe, doa hunenepa na kuwa na vinundu kama chunjua. Zamani madaktari wengi waliliondoa mapema wakihofia saratani. Sasa inajulikana kuwa saratani hiyo ni nadra, na huonekana zaidi kwa watu wazima, hivyo upasuaji unaweza kusubiri. Kisichosubiri ni kidonda kinachotoka damu au uvimbe unaokua haraka juu ya doa. Vilevile, doa kubwa lililoenea usoni, pamoja na degedege au kasoro ya jicho, humpeleka mtoto hospitalini mara moja.

Kwa wengine, kliniki ya chanjo ya wiki 6 inatosha. Mzazi amwombe muuguzi alipime doa kwa rula na kuandika ukubwa wake katika kijitabu cha mama na mtoto, ili atakayemwona mtoto huyo akiwa Gredi ya 4 awe na cha kulinganisha.